Mlango Uliomjua Jumapili

Mchana wa Jumatatu Dobi alisimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe, mkononi ana mfuko wenye mkate na chupa ya supu, akiubembeleza umruhusu aingie.

Aliweka dole gumba kwenye kijiduara cha kioo. Kitasa kikalia mara tatu na kuwasha taa nyekundu. Akalifuta dole kwenye gauni, akalipuliza, akaliweka tena. Nyekundu. Akalisugua kwenye paji la uso lipate mafuta kidogo. Nyekundu. Mara ya tano kitasa kilitoa mlio mmoja mrefu, kikanuna. Kikishanuna kilinuna dakika tatu kamili, na katika dakika hizo hakuna dole lililoweza kukisemesha, hata liwe la rais.

Dakika tatu si kitu kwa mtu aliyejikalia. Kwa Dobi zilikuwa mali. Mapumziko yake ya mchana yalikuwa saa moja: dakika ishirini za kutembea kutoka kazini, ishirini za kurudi, na ishirini zilizobaki ndizo za kumlisha mama mkwe wake, kumpa vidonge vya sukari, kumpeleka msalani na kumbadilisha nguo ikibidi. Sasa kitasa kilikuwa kimeshakula nane, na mguu wake mmoja ulikuwa hautulii, unapiga sakafu ya baraza wenyewe.

Ndani, fimbo ya mkwewe, Bibi, iligonga sakafu vilevile.

"Nani huyo anayechezea mlango?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani? Hata mwizi ni mimi."

Dobi alijaribu mara tano nyingine, kitasa kikanuna tena. Basi akaenda dirishani. Dirisha la chumba cha Bibi lilikuwa palepale barazani, lina nondo nne, na kwa bahati lilikuwa wazi. Akamwita mkwewe asogeze kiti. Yeye mwenyewe akapindua ndoo, akaikalia, akaanza kupitisha kijiko kati ya nondo, supu kidogo, mkate kidogo, huku akikinga kiganja chini isimwagike. Vidonge akampa mkononi akamwangalia mpaka alipovimeza. Bibi alikula kwa utulivu, akapangusa mdomo, akamtazama kwa makini kama anayemfananisha na mtu.

"Hebu niambie mwanangu," akasema, "kati yetu sisi wawili, aliyefungwa ni nani?"

Dobi alicheka tu. Nyuma yake mpangaji wa chumba cha mwisho alipita na kikapu chake, akasalimia, kisha akageuka kutazama mara ya pili. Mwanamke kumlisha mkwe wake dirishani kama mahabusu ni habari isiyohitaji kutumwa. Dobi aliona aibu imemkaa usoni mpaka masikio yakapata moto. Akakusanya chupa yake, akamwambia Bibi arudi kitandani, akaondoka mbio.

*

Kitasa chenyewe kilikuwa zawadi, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

Kabla yake mlango ulikuwa na kitasa cha shaba chenye ufunguo mmoja mrefu, kilichokuwapo tangu nyumba ijengwe. Kila asubuhi Dobi alimfungia Bibi ndani, akamkabidhi ufunguo Fundi Viatu, jirani aliyeshona viatu vyake barazani hapohapo, naye alimchungulia Bibi saa nne na kumpa chai. Mpango huo ulikwenda vizuri miaka miwili. Kisha siku moja Fundi Viatu alitoa kikombe, akaitwa na mteja, akasahau kuzungusha ufunguo. Bibi, ambaye kumbukumbu yake ilishaanza kuvuja, akatoka zake. Walimkuta jioni mtaa wa tatu, amekaa darasani kwenye dawati la mbele, anamngoja mwalimu. Hakuumia popote, lakini tangu siku hiyo Fundi Viatu hakuweza kumtazama mume wa Dobi machoni.

Mume huyo alikuwa karani wa ghala la saruji, mtu mpole na mwoga wa mambo, asiyependa kugomba. Usiku huo alisema kwa upole kwamba sasa lazima mtu akae nyumbani na mama. Alisema mtu, lakini macho yake yalikuwa kwa mkewe.

Dobi hakulala. Alikuwa amefua kwenye kiwanja kilekile cha kufulia miaka ishirini na miwili. Mwaka jana waliletewa mashine mbili kubwa, shuka na taulo zote zikaenda huko, na wafuaji kumi na mmoja wakabaki watatu. Yeye alibaki kwa sababu mashine inafua lakini haioni. Kola yenye jasho la miaka, doa la divai lililokwisha kauka, gauni la harusi lililoburuzwa matopeni, vyote vilikuja kwenye beseni lake, na msimamizi hakuthubutu kuifunga nguo ya maana kabla Dobi hajaitazama. Nyumbani alikuwa mke wa fulani na mama wa fulani. Kule alikuwa mtu anayeulizwa. Kuacha kazi hiyo kulikuwa kama kuambiwa azime taa ajikalie gizani, na alijua kwamba akiiacha mwezi mmoja tu, beseni lake lingegeuzwa pa kukalishia mashine ya tatu.

Aliyemwokoa alikuwa binti yao. Binti aliuza simu na vifaa vya umeme dukani, na wiki tatu baadaye, wiki ambazo wote watatu walipokezana ruhusa kumlinda Bibi, aliingia na kisanduku, uso wote ukicheka. Akaeleza kama anavyowaeleza wateja: ufunguo unapotea, unaibwa, unachongwa wa pili usijue; kidole hakipotei. Tena mlango ukirudishwa tu kitasa kinajifunga chenyewe, hata ukisahau chenyewe hakisahau. Hakina tundu la ufunguo wala namba za kubonyeza, ndani na nje kinafungua kwa kidole au kwa simu yake yeye akiwa karibu. Kilikuwa kimemla mshahara wa mwezi na nusu. Baba yake alikigeuza huku na huku akasema hiki sasa ndicho kitu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hicho hata kidonda hakikuonekana. Dobi alimkumbatia mwanawe kwa muda mrefu kuliko kawaida. Wengine waliona kitasa. Yeye aliona kazi yake imerudishwa.

Ilikuwa Jumapili, na Dobi alikuwa ametoka kuugua homa siku nne. Kila mtu aliandikisha dole lake. La Karani lilikubaliwa mara moja, laini kama la mtoto, maana liliishi na kalamu. La Dobi lilikataliwa mara moja, likakubaliwa ya pili, taa ya kijani ikawaka, wote wakapiga makofi. La Bibi hawakuliandikisha, kwa makusudi.

Kesho yake alirudi kwenye magadi na dawa ya madoa. Asubuhi moja tu ilitosha.

*

Jumanne mchana kitasa kilimfungulia, lakini baada ya kununa mara mbili, zikabaki dakika sita. Jumatano hakikufungua kabisa, akarudi kwenye ndoo na kijiko. Alishaelewa ugonjwa uko wapi. Alikuwa amelitazama dole lake juani: lilikuwa jeupe, limekunjamana, halina mstari hata mmoja, limesuguliwa likawa kama mgongo wa kijiko.

Angeweza kusema. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, hatua ndefu ndefu, chupa ikigonga paja. Aseme nini? Kwamba zawadi ya mwanawe haimtambui? Na akishasema, Karani atajibu nini, zaidi ya lile alilokwisha sema kwa macho? Akajikaza kisabuni. Alijipa moyo kwamba atapata mbinu, na kila mbinu aliyoipata ilishindwa kabla ya siku kwisha.

Jioni hiyo walikuwa mezani wote wanne. Binti alikuwa akichezea simu, mara akakunja uso. Simu ile ilikuwa inaandika kila kidole kilichofungua mlango na saa yake.

"Mama, leo mchana hukuja?"

"Nilikuja."

"Hapa hakuna kitu. Na juzi Jumatatu pia hakuna kitu."

Karani aliweka kijiko chini. Akamgeukia mama yake, akamuuliza kama leo mchana mkewe aliingia. Bibi alifikiri sana. Alikuwa mwanamke mkweli maisha yake yote, na kumbukumbu ilipoanza kumtoka, ukweli ulibaki.

"Hakuingia mtu," akasema.

"Nilimpa chakula dirishani," Dobi akasema. "Nilichelewa. Nikampa palepale nikakimbia."

"Ukashindwa kufungua mlango tu?" Karani akauliza. "Mlango wa kugusa?"

"Nilichelewa."

Karani hakupandisha sauti, na hilo lilimuuma Dobi zaidi. Alisema kwamba yeye hamtuhumu mtu, ila simu haina sababu ya kusema uongo. Alisema mpangaji wa mwisho alishamdokeza jambo hilo la dirishani, yeye akalipuuza kwa kumheshimu mkewe. Kumbe ni kweli. Mama yake mzazi analishwa kwenye nondo.

"Kama kazi inakubana kiasi hicho," akasema, "iache. Mwisho wa mwezi uage kwa heshima, ukae na mama. Tutabana matumizi, hatutakufa."

Binti alimtazama mama yake kwa mshangao, kidogo kwa uchungu, kama mtu aliyempa mwenzake kitu cha thamani akakikuta kimetupwa uani. Dobi aliliona jicho hilo. Ilikuwa nafasi ya kusema, na neno lilimfika mdomoni. Lakini alikwisha dai amechelewa, na ulimi uliokwisha tanguliza uongo una kazi ngumu ya kurudi. Akaomba apewe mpaka mwisho wa mwezi ajirekebishe. Karani akakubali, kwa masharti: simu ikionyesha mchana mwingine mtupu, basi.

*

Alhamisi asubuhi Dobi alifika kazini na kipande cha mfuko wa plastiki, akakifunga kwenye dole gumba kwa uzi, akaingiza mkono kwenye maji. Msimamizi alisimama nyuma yake akamtazama.

"Leo tunafua au tunapasua mgonjwa?"

Wenzake wawili walicheka, naye akacheka nao. Lakini dole lililofungwa halihisi. Dobi alijua doa limetoka kwa kuligusa, si kwa kulitazama, na asubuhi hiyo alilipeleka shati jeupe kwenye kamba likiwa na kivuli cha njano kolani. Msimamizi alilirudisha mbele ya watu. Miaka ishirini na miwili haikuwahi kutokea. Alipovua plastiki saa sita, maji yalikuwa yamepenya muda mrefu, na dole lilitoka limevimba na kusinyaa kuliko kama lisingefungwa.

Alikimbia nusu ya njia. Barazani Fundi Viatu alikuwa ameinamia soli yake, akamsalimia bila kuinua uso. Dobi akabonyeza. Nyekundu. Akabonyeza polepole, akabonyeza kwa nguvu, akalaza dole, akalisimamisha. Kitasa kikanuna. Akaenda dirishani na ndoo yake.

"Mama, njoo ule."

Kiti kilikuwa kitupu. Kitanda kilikuwa kitupu pia, shuka limeburutwa mpaka sakafuni. Aliita tena, akashika nondo akajinyanyua kwa vidole vya miguu, na hapo akauona mguu mmoja wa Bibi, hauna kiatu, umetokeza nyuma ya kabati. Haukucheza. Halafu ikasikika sauti, ndogo, ya mtu anayeongea na ukuta.

"Mama, umeanguka? Mama, nisikie."

"Maji," sauti ikasema. "Nipe maji."

Dobi alirudi mlangoni akabonyeza, ingawa alijua dakika tatu hazijaisha. Akabonyeza kwa vidole vyote kumi, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemwita kila anayemjua. Akampigia binti. Baadaye binti alikiri kwamba wakati simu inalia alikuwa anamwonyesha mteja kitasa cha aina ileile, ndiyo maana hakupokea mpaka mara ya tatu.

"Bibi yako ameanguka, yuko chini. Fungua mlango."

"Mama, siwezi nikiwa huku, mpaka niwe karibu. Weka kidole tu."

"Hakinikubali."

"Bonyeza taratibu, mama, usibonyeze kwa hasira."

"Hakinikubali!" Dobi akapiga kelele, mtaa mzima ukasikia. "Tangu Jumatatu hakinikubali. Vidole vyangu vimeisha."

Dobi akakata simu akageuka, akamkuta Fundi Viatu amesimama nyuma yake, nyundo mkono mmoja, tindo mkono wa pili. Mtu huyo alikuwa hajaugusa mlango ule tangu siku ya aibu yake.

"Sogea shemeji," akasema. "Kitasa hicho hatukiwezi, lakini bawaba ni za zamani."

Mlango ulifungukia nje, na bawaba zake tatu zilikuwa barazani, zimekula kutu. Fundi Viatu alianza na ya chini. Kila pigo la nyundo kitasa kiliitikia kwa kelele, maana kilijua kinavunjiwa nyumba, na mbali huko dukani simu ya binti ilikuwa inalia kumwarifu kwamba kuna mwizi mlangoni. Watu walijaa. Wengine walishauri, mmoja alipiga picha. Dobi hakuwaona, alikuwa dirishani akimsemesha Bibi mfululizo, maneno yoyote, bei ya sukari, shati lenye doa, mvua, ili tu asikie anajibiwa. Bawaba ya tatu ilipotoka, mlango ulilegea upande usio wake, ukainama, na Dobi akapenya kwenye upenyo huo, gauni likachanika begani. Kitasa kilibaki kimeng'ang'ania fremu, taa nyekundu inawaka, kikilinda mlango ambao haupo.

Bibi alikuwa chini tangu saa nne. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama ndizi iliyoiva sana, midomo imekauka. Dobi alimwinua kichwa akamnywesha maji kwa kiganja kwa sababu kikombe kilikuwa mbali.

"Umekuja kwa upande gani?" Bibi akauliza. "Sikusikia mlango."

*

Hospitali walisema kifundo kimevunjika, wakakitia plasta, wiki sita za kitandani. Karani alikuja mbio na vumbi la saruji kichwani. Alipoelezwa yote, hakugombeza; alikaa kwenye benchi akashika uso. Binti alichukua mkono wa mama yake akaufungua, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole chake juu ya kila kidole.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilijua nikisema, kazi imekwisha," Dobi akajibu.

Hakuna aliyebishana na hilo, akajua kwamba alikuwa amehesabu sawasawa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye alijilaumu kwa hilo kila alipoutazama mguu wa Bibi, na lawama hiyo ilikuwa yake kweli, hakuisukumia kwa kitasa.

Aliomba ruhusa, akakaa nyumbani Ijumaa na Jumamosi. Hakufua kitu, nguo zilirundikana kwenye pipa. Alimlisha Bibi, alimgeuza, alimpaka mafuta ya mgongo, mikono yake ikashinda kwenye mafuta. Fundi Viatu alirudisha mlango kwenye bawaba mpya akakataa malipo. Kule kiwanjani msimamizi alituma ujumbe kuuliza atarudi lini, na wa pili kusema kwamba ametokea mtu wa kumshikia nafasi. Dobi aliusoma huo wa pili amesimama, akaizunguka meza, akausoma tena.

Jumapili asubuhi Karani alimwita barazani. Alikuwa amechangamka. Duka la binti lilishajibu kwamba kitasa ni kizima, kasoro iko kwenye kidole, na kidole kikipumzishwa hurudi.

"Hebu jaribu."

Dobi alijaribu. Kitasa kikalia kwa furaha, kijani, mguso mmoja tu. Mlango ukafunguka.

"Unaona!" Karani akasema, na furaha yake ilikuwa ya kweli; maskini, alimpenda mkewe. "Ulichoka tu. Siku tatu, umerudi. Sasa fikiria ukikaa moja kwa moja."

Dobi alilitazama dole lake. Mistari ilikuwa imerudi kweli, myembamba, inazunguka katikati. Alipaswa kufurahi, akajikuta anaogopa, kwa kuwa alielewa taa ile inamsifia nini. Alitaka kumweleza mumewe, akaona maneno hayatatosha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Akaenda uani, akalivuta pipa. Kulikuwa na shuka za Bibi za siku tatu, mashati manne ya Karani yenye saruji kolani, sare za binti. Akajaza mabeseni matatu. Akatia magadi, akatia dawa ya madoa kwa kipimo cha kazini, akapandisha mikono ya gauni. Binti alikuja kumsaidia akamkataza. Alifua mchana kutwa. Mwanzoni Karani aliona ni usafi wa kawaida. Kufikia saa tisa alikuwa amekuja mara mbili kusimama mlangoni pa ua, akitazama mkewe anavyogeuza kola juu ya ngumi na kuisugua kwa ncha ya dole, bila kuitazama, macho yako mbali, mpaka dole lenyewe limwambie imetakata. Miaka yote hiyo alivaa mashati hayo, na hakuwahi kuona yanavyofuliwa.

Alipokwisha kuanika, Dobi aliingia ndani akatoa kisanduku cha zana chini ya kitanda. Akawaita wote wawili barazani, akaurudisha mlango nyuma yao. Kitasa kikajifunga chenyewe, kama ilivyoahidiwa. Bibi, aliyeachiwa dirisha wazi, aliinua kichwa kutoka kwenye mto aone kuna nini.

Dobi akaweka dole, bado lina maji. Nyekundu. Akaweka tena. Nyekundu. Hakuharakisha na wala hakulifuta. Aliweka mara zote tano, kitasa kikalia mlio wake mrefu, kikanuna, na wote watatu wakasimama wakiusikiliza.

"Yule wa asubuhi simjui," akamwambia mumewe. "Huyu ndiye mkeo. Kesho saa kumi na mbili anakwenda kazini, na saa sita anarudi kumlisha mama. Mtafutieni mlango wake."

Akafungua kisanduku. Kitasa cha shaba kilikuwa juu kabisa, kimefungwa kwa kitambaa, na ufunguo wake mrefu. Karani alisema kwa sauti ndogo kwamba kile hakijifungi chenyewe, kwamba mtu akisahau, mama atatoka tena.

"Kwa wiki sita haendi popote," Dobi akasema. "Baada ya hapo tutakumbuka. Sisi watatu, na Fundi Viatu wa nne. Mtu akisahau atakumbushwa. Hiki nimekikumbusha siku nne."

Binti alikuwa ameinamisha kichwa. Mshahara wa mwezi na nusu ulikuwa pale mlangoni unawaka nyekundu, na Dobi alimwonea huruma, lakini hakurudisha neno. Mwishowe binti alitoa simu yake, akaisogeza karibu na kitasa, mlango ukafunguka. Akachutama, akazikagua skrubu za kitasa, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Baba, nipe bisibisi."

Karani aliitoa kisandukuni, akabaki ameishikilia. Kisha akampa, naye akachutama upande wa pili, akashika mlango usicheze.

Kutoka dirishani Bibi aliuliza ni nani hao wanaochezea mlango.

"Ni sisi, mama," Dobi akajibu.

Alivaa ufunguo shingoni kwa uzi uleule aliofungia plastiki, akaenda kugeuza nguo kwenye kamba kabla jua halijaisha.